Istilahi za Mapendeleo ya Mapenzi: Historia Fupi, na Funzo Kutoka Rungwe

Waswahili husema, mficha uchi hazai. Methali hii aghalabu huambiwa mgonjwa anayemficha mganga maradhi yake, au mwenye shida anayeona haya kuitaja. Lakini hata mfasiri ina lake la kumwambia. Kuna uwanja mmoja wa elimu ya nafsi ambamo Kiswahili Sanifu kina maneno mengi ya kukaripia na machache ya kueleza. Uwanja huo ni ule wa mapendeleo ya mapenzi baina ya watu wazima, hasa yale yasiyofuata njia iliyozoewa na walio wengi. Mfasiri akikutana na habari hizo katika kitabu cha saikolojia, katika fomu ya kliniki au katika hati ya mahakama, kwa kawaida hufanya mojawapo ya mambo matatu: ama huliacha neno la kigeni lilivyo, ama huandika “upotovu” akaendelea na safari yake, ama huiruka sentensi nzima kana kwamba haikuwapo.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi istilahi za uwanja huo zilivyotungwa huko Ulaya na jinsi maana zake zilivyobadilika kadiri utafiti ulivyoendelea. Kisha tutaipeleka habari hiyo Tukuyu na wilaya ya Rungwe kwa jumla, kwa sababu huko kulifanyika utafiti mkubwa juu ya mila za unyumba, na huko huko kuna desturi ya lugha ambayo, kwa maoni yetu, inaweza kumfundisha mtunga istilahi jambo asiloweza kulipata katika vitabu vya waganga wa Ulaya.

Jina la mtu lageuka jina la ugonjwa

Mwaka 1886 daktari wa akili Richard von Krafft-Ebing, aliyekuwa akifundisha huko Graz katika Austria, alitoa kitabu alichokipa jina la Kilatini, “Psychopathia Sexualis”. Humo alikusanya habari za watu ambao tamaa zao zilitofautiana na za wengi, akazipanga mafungu mafungu na kulipa kila fungu jina. Mengi ya majina hayo, au yale yaliyozaliwa kutokana nayo, yangali yakitumika hadi leo.

Mambo mawili katika kazi ile yanamhusu mtunga istilahi moja kwa moja. La kwanza ni chanzo cha ushahidi wake. Krafft-Ebing alianza na watu waliofikishwa hospitali za wagonjwa wa akili na waliosimamishwa mbele ya mahakama. Wale walioishi kwa amani na wenzi wao hawakuwa na sababu ya kumwendea daktari wala hakimu. Kwa hiyo neno lililotokana na ushahidi wa namna hiyo lilizaliwa likiwa limekwisha kuvaa nguo za hospitali na za gereza.

La pili ni jinsi majina yenyewe yalivyopatikana. Kupenda kumtia mwenzi maumivu kuliitwa sadizimu, kutokana na Marquis de Sade, mwandishi wa Kifaransa aliyefariki mwaka 1814. Kupenda kutiwa maumivu au kutawaliwa kuliitwa masokizimu, kutokana na Leopold von Sacher-Masoch, mwandishi wa riwaya wa Austria. Neno hili la pili lilipotangazwa mwaka 1890, Sacher-Masoch alikuwa hai. Aliishi miaka mitano zaidi akiliona jina la ukoo wake likigeuzwa kuwa jina la ugonjwa. Hapana budi tulikumbuke jambo hili kila tunapodhani kwamba kumpa mtu jina ni kazi ndogo ya karani.

Krafft-Ebing alifanya jambo jingine linalofanana sana na desturi yetu. Sehemu alizoziona kuwa za aibu mno aliziandika kwa Kilatini, ili mtu asiye msomi asizielewe. Hata hivyo kitabu kilichapishwa tena na tena, na wasomaji wengi wakamwandikia barua wakimweleza hali zao wenyewe. Kilatini hakikuzuia neno kuwafikia wahusika, bali kilichelewesha tu siku ya kulizungumza kwa lugha inayoeleweka. Mfasiri wetu anayeacha aya ya Kiingereza katikati ya kijitabu cha Kiswahili cha afya anayarudia yale yale ya mwaka 1886.

Kutoka ugonjwa hadi mfululizo

Mwaka 1905 Sigmund Freud alitoa insha zake tatu juu ya tamaa za mapenzi. Ingawa yeye naye alizungumzia upotovu, alitia shaka kubwa katika mpaka wenyewe: alisema kwamba chembe za tamaa hizo zimo katika maisha ya watu wa kawaida pia. Hapo ndipo wazo la tofauti ya kiasi, badala ya tofauti ya aina, lilipoanza kupata nguvu.

Wazo hilo lilipata takwimu zake huko Marekani, kwa kazi ya Alfred Kinsey na wenzake. Vitabu vyao viwili, cha mwaka 1948 juu ya wanaume na cha mwaka 1953 juu ya wanawake, vilitokana na mahojiano na maelfu ya watu. Kinsey alitumia kipimo cha kutoka 0 hadi 6 kuonyesha kuvutiwa na jinsi moja au nyingine, akikataa kuwagawa wanadamu katika makundi mawili tu. Katika kitabu cha 1953, wanawake 12 na wanaume 22 katika kila 100 waliohojiwa walieleza kwamba waliwahi kusisimkwa na hadithi za maumivu na utawala katika mapenzi. Ni kweli kwamba waliohojiwa hawakuchaguliwa kwa kura, na wataalamu wa takwimu walilikosoa jambo hilo mapema. Lakini hata kwa tahadhari hiyo, ilidhihirika kwamba yaliyoitwa maradhi ya wachache wa hospitalini yalikuwa yamesambaa miongoni mwa watu wasiojulikana na daktari yeyote.

Waganga walifuata polepole. Mwaka 1973 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliondoa mapenzi ya jinsi moja katika orodha yake ya magonjwa. Toleo la tatu la mwongozo wa chama hicho, la mwaka 1980, lilitumia neno parafilia, lililoundwa kwa Kigiriki, mahali pa maneno ya zamani yaliyobeba lawama. Toleo la tano, la mwaka 2013, likaenda mbele hatua moja muhimu: lilitenganisha parafilia yenyewe, ambayo ni pendeleo tu, na tatizo la parafilia, ambalo ni pendeleo linalomtesa mwenyewe au linalomdhuru mtu mwingine. Shirika la Afya Duniani nalo liliidhinisha toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Maradhi mwaka 2019, na toleo hilo likaanza kutumika mwaka 2022. Humo masokizimu na fetishi hazimo tena katika orodha kama maradhi yanayojitegemea. Miongoni mwa yaliyobaki ni sadizimu ya kumlazimisha mtu asiyekubali, pamoja na tamaa zinazowaelekea watoto na nyingine zinazowahusisha watu wasioridhia au wasioweza kuridhia.

Tafiti za karibuni zaidi zimeuliza swali jingine: watu wenye mapendeleo haya wana afya gani ya nafsi? Huko Uholanzi, Andreas Wismeijer na Marcel van Assen walichapisha mwaka 2013 ulinganisho wa watu 902 wenye mazoea ya utawala, utii na maumivu ya hiari, na watu 434 wasio na mazoea hayo. Kundi la kwanza halikuonekana kuwa na nafsi zilizovurugika zaidi. Katika vipimo kadhaa, kama wasiwasi na hali njema ya maisha, lilikuwa katika hali nzuri zaidi, ingawa katika kipimo cha upole kwa wengine lilikuwa chini kidogo. Huko Quebec, Kanada, Christian Joyal na Julie Carpentier walitoa mwaka 2017 matokeo ya kuwauliza watu 1,040: karibu nusu walikuwa na shauku ya angalau pendeleo moja katika orodha ya parafilia, na kama theluthi moja walikuwa wamewahi kulitenda. Jambo linaloshirikiwa na karibu nusu ya watu haliwezi kuitwa nadra kwa maana yoyote ya kihesabu.

Tusisitize kwamba wataalamu wangali wakijadiliana kama mapendeleo haya ni utambulisho wa mtu, sawa na mwelekeo wake wa mapenzi, au ni mazoea ya starehe anayoweza kuyashika na kuyaacha. Kwa baadhi ya watu huanza mapema na kudumu. Kwa wengine hupita. Istilahi nzuri haina haki ya kuukata mjadala huo kabla wenyewe hawajaumaliza.

Utafiti wafika Rungwe

Msomaji atauliza: hayo yote yanahusianaje na Tukuyu? Yanahusiana kwa njia hii. Katika miaka ya 1920 madai ya Freud yalizua ubishi: je, yaliyosemwa juu ya nafsi za watu wa Vienna ni kweli kwa wanadamu wote? Bronisław Malinowski, aliyefundisha London, alijibu mwaka 1927 kwa kitabu kilichotumia habari za visiwa vya Trobriand, akasisitiza kwamba tamaa na makatazo yake hutegemea jinsi jamii ilivyojengwa. Baadhi ya wanafunzi wake walikwenda Afrika kuchunguza mambo hayo papo hapo. Mmoja wao alikuwa Godfrey Wilson. Yeye na mkewe Monica, mzaliwa wa Lovedale katika Afrika Kusini, walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938.

Walifika mahali palipokwisha kuandikwa na wageni wengine. Misheni ya Moravian ilikuwa Rungwe tangu 1891, na Tukuyu ilikuwa boma la Wajerumani kwa jina la Neu-Langenburg. Akina Wilson walitaka kueleza pasipo kuhukumu. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akaandika vitabu vinne: juu ya vijiji vya marika (1951), juu ya ibada za jamaa (1957), juu ya ibada za jumuiya (1959), na juu ya mabadiliko ya mahusiano ya vizazi (1977). Katika cha kwanza alieleza desturi iliyowashangaza wasomaji wa nje: vijana waliondoka nyumbani kwa baba zao na kujenga kijiji chao wenyewe pamoja na wenzao wa rika. Sababu mojawapo iliyotolewa na wenyeji ilikuwa ya adabu: mambo ya unyumba ya kizazi kimoja yasikutane na ya kizazi kingine.

Mwaka 1954 Monica Wilson aliandika makala juu ya ibada na ishara za Wanyakyusa, akashikilia kanuni moja: maana ya ishara itafutwe kwa wenyewe wanaoitumia, isibuniwe na mtazamaji. Kanuni hiyo inafaa kuandikwa ukutani mwa kila ofisi ya tafsiri. Lakini kuifuata kulitegemea watu ambao majina yao yalikaa nyuma ya vitabu. Leonard Mwaisumo, karani na msaidizi wa Godfrey Wilson, alikuwa mmoja wao. Yaliyosemwa kwa Kinyakyusa yalipitia mikononi mwa watu kama yeye kabla ya kuwa Kiingereza. Nasi leo tukiyataka kwa Kiswahili, tunayavusha mto wa pili. Kitabu kilichotoka mwaka 2013 juu ya Monica Wilson na wakalimani wake kimewarudishia watu hao sehemu ya haki yao. Kwetu sisi ni ukumbusho kwamba elimu yote ya unyumba wa watu wengine husimama juu ya maneno yaliyochaguliwa na mkalimani.

Mkwe na neno lililokatazwa

Sasa tufike kwenye desturi tuliyoiahidi. Miongoni mwa Wanyakyusa mke wa mwana alipaswa kumwepuka baba mkwe: asimtazame, asikutane naye njiani, asilitaje jina lake. Katazo hilo halikuishia kwenye jina tu, bali liligusa hata maneno ya kawaida yaliyofanana nalo kwa sauti. Desturi hiyo huitwa ingamwana, na Stefanie Kolbusa aliitolea uchunguzi wa kiisimu kwa Kijerumani mwaka 2000. Desturi zinazofanana nayo zinajulikana pia kusini mwa Afrika, kwa Waxhosa na Wazulu.

Hebu tutafakari hali ya mke huyo. Iwapo jina la baba mkwe lilifanana na jina la kitu cha jikoni au cha shambani, hakuweza kukitaja. Lakini kazi haikungoja: ilibidi apike, atume watoto, aagize, ajibu. Je, alinyamaza? La. Alitafuta neno jingine. Alichukua kisawe, au alikieleza kitu kwa kazi yake, au alilibadilisha neno umbo lake, au aliazima kwa jirani. Na wenzake walimwelewa, kwa sababu wake wengine nao walikuwa na maneno ya namna hiyo hiyo.

Tunaona hapa somo kubwa. Katika lugha yetu tumezoea kudhani kwamba heshima na kunyamaza ni kitu kimoja. Wake wa Rungwe wanatuonyesha kwamba sivyo. Heshima yao haikufuta kitu kisiwepo, wala haikukitukana. Ilikipatia neno jingine ambalo mwenye adabu angeweza kulitamka mbele ya watu. Katika Pwani nako, makungwi na masomo walikuwa na maneno ya kumfundishia mwari mambo ya unyumba bila kuvunja staha. Basi si kweli kwamba lugha za Afrika Mashariki hazina njia ya kusema mambo haya. Tuliposanifisha Kiswahili tulichukua maneno ya ofisi, ya shule na ya mahakama, tukayaacha nyumbani maneno ya staha yaliyokuwa yakifanya kazi hii.

Hatusemi kwamba Wanyakyusa wa zamani walikuwa na wazo la utambulisho wa mapenzi kama linavyojadiliwa leo na wanasaikolojia. Kusema hivyo kungekuwa kubuni maana, jambo ambalo Monica Wilson alilikataza. Tunachochukua kutoka kwao ni njia ya kutunga neno.

Mapendekezo

Kwa kufuata njia hiyo tunapendekeza yafuatayo yajadiliwe.

Kwanza, kwa dhana ya jumla, litumike “pendeleo la mapenzi”. Kwa lile ambalo Waingereza wa mitaani huliita kwa neno lililomaanisha pindo la kamba iliyojisokota, litumike “pendeleo la pekee”. Kutohoa na kusema kinki kunawezekana katika maandishi ya wataalamu, lakini picha ya kamba iliyopinda inarudisha lawama kwa mlango wa nyuma. “Upotovu” libaki katika mahubiri na maadili, ambako ni mahali pake; lisitumike kama tafsiri ya istilahi ya kisayansi.

Pili, “parafilia” litumike katika uganga, na “tatizo la parafilia” litumike pale tu penye mateso au madhara. Anayeyachanganya haya mawili huwatangazia ugonjwa watu ambao hata daktari hawaiti wagonjwa.

Tatu, kwa dhana ya kutofautiana kwa kiasi bila mpaka mkali, litumike “mfululizo”. Tumelifikiria neno “wigo”, ambalo limeenea sana. Lakini asili yake ni ua, na kazi ya ua ni kutenga walio ndani na walio nje, kinyume kabisa cha dhana inayotafutwa. “Ngazi” nalo lina juu na chini. Mtu anayetoka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, akapanda hadi Tukuyu na kuendelea hadi Isongole, huanza katika joto la mpunga na kakao, akapita kwenye migomba na chai, akafika kwenye baridi ya viazi. Hakuna kibao njiani kinachosema hapa joto limekoma. Hata hivyo hakuna anayedai kwamba Kyela na Isongole ni hali moja ya hewa. Huo ndio mfululizo.

Nne, “utambulisho” litumike pale tu mtu anapojitaja mwenyewe. Karani wa kliniki asimwandikie mtu utambulisho kwa sababu ya jambo moja alilolisema.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote, “ridhaa” lisiachwe kamwe katika tafsiri. Mipaka ya zamani ya ugonjwa na uzima imesogea, lakini mpaka wa ridhaa umezidi kuwa mkali. Usemi kwamba kukaa kimya ni kukubali hauna nafasi hapa, na mtoto hana ridhaa ya kutoa. Mke anayepigwa akaja kushtaki, kisha mkalimani akaandika kwamba nyumba hiyo ina “mapendeleo”, ameonewa mara mbili: kwa fimbo na kwa kalamu. Neno lake ni “ukatili”. Na mtu mzima anayemweleza mganga jambo alilolifanya kwa hiari na mwenzi wake wa hiari, kisha akaliona jibu lake limeandikwa “upotovu”, hatarudi tena kliniki hata siku atakapoumwa kweli.

Ni wajibu wetu kuongeza kwamba istilahi haifuti sheria. Kanuni ya Adhabu ingali na kifungu cha 154 juu ya makosa yaliyo kinyume cha maumbile, na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliongeza ukali wa adhabu. Mfasiri wa hati za mahakama hufasiri sheria kama ilivyo. Lakini tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, tofauti kati ya ukatili, ugonjwa na pendeleo haiwezi tena kuachwa ijifiche ndani ya Kiingereza. Hakimu ataisoma kwa Kiswahili, na mshtakiwa na mlalamikaji watasomewa kwa Kiswahili.

Hitimisho

Tumeona kwamba istilahi za uwanja huu zilianza kwa ushahidi wa mahakama na wa hospitali, na kwamba ilichukua zaidi ya miaka 130, kutoka 1886 hadi 2022, kwa waganga wenyewe kutenganisha kilicho tofauti na kilicho kibaya. Kiswahili hakina haja ya kuirudia safari yote hiyo kwa miguu.

Wasomaji wetu walio walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wanaombwa wayapime mapendekezo haya kazini mwao, hasa wale walio wilayani, wanaosikia lugha za wenyeji kila siku. Wakiona neno lenye staha na usahihi zaidi, walilete. Mke wa Rungwe aliyekatazwa neno alirudi jikoni na neno jingine, na chakula kikaiva.